UZI: Kabla hujabishania ORM, jua muunganisho wako na hifadhidata unafunguliwa wapi na nani anaurudisha

#1 fundi_jedwali (mleta uzi)

Habari wakuu.

Kila mara linaibuka swali la zana ipi bora ya kuunganisha tovuti na hifadhidata: Hibernate au JDBC tupu kwa Java, ORM ya Django au SQLAlchemy kwa Python, PDO au mysqli kwa PHP (ORM ni zana inayogeuza mistari ya majedwali kuwa vitu vya programu). Majibu huwa ya ushabiki tu. Leo naomba tushuke chini kidogo, tuzungumzie kitu ambacho zana zote hizo zinakihudumia, yaani muunganisho wenyewe. Unafunguliwa wapi? Anakaa nao nani? Nani anaurudisha? Nimetunza mifumo kwa muda mrefu, na mara nyingi ilipoanguka, kosa lilikuwa hapo.

Nianze na kisa. Kuna mfumo niliokabidhiwa ambao ulikuwa unakufa kila asubuhi. Usiku hakuna anayeutumia. Asubuhi mtu wa kwanza akiingia anapata kosa kwamba seva ya MySQL imeondoka. Akijaribu tena na tena, mambo yanakwenda sawa mpaka kesho yake. Tulishuku mtandao. Tukaongeza RAM. Tukaandika upya ukurasa wa kuingilia. Wiki tatu zikaisha. Siku moja nikasoma mipangilio ya seva mstari kwa mstari nikakutana na wait_timeout: sekunde 28,800, yaani masaa 8. Hiyo ndiyo thamani MySQL inayokuja nayo. Muunganisho ukikaa kimya muda huo wote, seva inaukata. Programu yetu ilikuwa imeshika miunganisho kumi tangu jioni, na yote kumi ilikuwa imeshakufa bila yenyewe kujua. Kila mtu wa asubuhi alikuwa anakabidhiwa maiti mojawapo, mpaka ziishe ndipo mpya zifunguliwe.

Dawa ilikuwa mistari miwili ya mipangilio: jaribu muunganisho kabla ya kuutumia, na uutupe ukishapita umri fulani. Kwenye SQLAlchemy ni pool_pre_ping na pool_recycle. HikariCP, akiba ya miunganisho ya Java, ina maxLifetime, ambayo kwa kawaida ni dakika 30. Na hata kama hutumii MySQL usijione uko salama, kwa sababu fayawoli iliyo kati ya seva mbili nayo inaweza kukata muunganisho uliokaa kimya, tena bila kumwambia yeyote.

Sasa twende kwenye ngazi zenyewe, maana wengi tunazichanganya.

Chini kabisa kuna kiendeshi. Kila hifadhidata ina lugha yake ya mtandaoni. PostgreSQL inasikiliza poti 5432, MySQL 3306, na zinachozungumza humo hakifanani hata kidogo. Kiendeshi ndicho kinachoijua lugha hiyo. Zamani kila hifadhidata ilikuwa na maktaba yake yenye majina ya peke yake, ukihama unaandika upya. Ndipo vikaja violesura vya pamoja: ODBC ya Microsoft mwaka 1992, DBI ya Perl miaka michache baadaye, JDBC ya Sun mwaka 1997 pamoja na Java 1.1, DB-API 2.0 ya Python iliyoandikwa kwenye PEP 249 mwaka 1999, kisha PDO iliyoingia ndani ya PHP 5.1 mwaka 2005. Wazo ni lilelile: programu yako iite kazi za aina moja, kiendeshi kihangaike na mengine.

Ila hapa watu hujidanganya. Kiolesura cha pamoja hakitafsiri SQL yako. Ukiandika LIMIT 10, PDO haitaigeuza kuwa TOP 10 kwa ajili ya SQL Server. Kinachofanana ni namna ya kufungua, kutuma na kusoma. Maneno unayotuma ni yako.

Juu ya kiendeshi kuna akiba ya miunganisho, na hapa ndipo ninapotaka tukae. Juu ya akiba kuna ORM au kijenzi cha kwiri, yaani zana ya kutunga maswali ya SQL yanayotumwa kwa hifadhidata. Watu hubishana kuhusu ngazi hii ya juu, ilhali moto unawaka ile ya katikati.

Kwa nini akiba? Kwa sababu kufungua muunganisho ni kazi nzito kuliko inavyoonekana. Lazima TCP ianzishwe, kisha TLS (usimbaji wa mawasiliano) kama ipo, kisha jina na nenosiri vihakikiwe. PostgreSQL inazaa prosesi nzima kwa kila muunganisho mmoja. MySQL hutumia thredi, ambayo ni nyepesi zaidi lakini si bure. Miaka ya 1990, enzi za CGI, kila ombi la ukurasa liliwasha programu upya, likafungua muunganisho, likauliza jambo moja, likafunga. Kwa tovuti ndogo ilitosha. Wageni wakizidi, seva inatumia muda mwingi kusalimiana kuliko kujibu. Akiba inafungua miunganisho michache mapema, inaiazimisha, na inairudisha ndani kazi ikiisha.

Neno la kushika hapo ni kuazimisha. Cha kuazima hurudishwa.

Sasa hesabu. PostgreSQL inakuja na max_connections (kikomo cha miunganisho) 100, na nafasi 3 kati ya hizo zimewekewa msimamizi mkuu. Umebakiwa na 97. SQLAlchemy inakuja na pool_size (akiba ya kawaida) 5 na max_overflow (ziada) 10, maana yake prosesi moja inaweza kushika hadi 15. Una seva mbili za tovuti, kila moja ina prosesi nne. Nane mara 15 ni 120. Ukijaribu peke yako hutaona tatizo. Siku watu wakijaa, hifadhidata inaanza kukataa wageni, nawe unalaumu ORM.

Naomba michango, hasa kwa wenye visa vyao.

#2 mwandishi_php

Asante kwa uzi mkuu. Mimi nimeanza na PHP na sijawahi kuona hiyo akiba popote. Nafungua PDO juu ya ukurasa, ukurasa ukiisha muunganisho umeisha. Je, nimekuwa nikikosea miaka yote?

#3 fundi_jedwali (mleta uzi)

Hujakosea. PHP ya kawaida imejengwa hivyo: ombi likiisha kila kitu kinafutwa, pamoja na muunganisho. Ukitumia MySQL iliyo karibu na seva ya tovuti, gharama ni ndogo na tovuti nyingi sana zinaishi hivyo bila shida. Ndiyo maana PHP na MySQL walipatana mapema: mmoja anafungua na kufunga kila saa, mwenzake hachoki haraka.

Ipo PDO::ATTR_PERSISTENT inayobakisha muunganisho kwa ajili ya ombi linalofuata kwenye prosesi ileile. Iheshimu. Anayefuata anarithi ulichokiacha: jedwali la muda, vigeu vya kikao, hata kufuli uliyosahau kuifungua. Kama hujapima ukaona kwamba kufungua muunganisho ndiko kunakuchelewesha, achana nayo.

Kitu kingine kwa wa PHP. Kama bado unafundishwa mysql_query() na jamaa zake, funga somo hilo. Kazi hizo ziliondolewa kabisa kwenye PHP 7.0, mwaka 2015.

#4 binti_wa_kwiri

Naongezea hapo kwenye PDO, maana hili linanigusa sana.

Wengi wetu tuliambiwa tutumie kwiri zilizoandaliwa ili kuzuia wadukuzi. Ni kweli, na uvamizi wa kuingiza SQL, yaani kupenyeza amri za SQL kupitia kisanduku cha kuandikia, umejulikana hadharani tangu mwaka 1998. OWASP, jumuiya ya usalama wa programu za wavuti, iliuweka uvamizi wa aina hiyo nafasi ya kwanza kwenye orodha zake za 2010, 2013 na 2017. Lakini kwetu sisi kuna sababu ya karibu zaidi. Kiswahili kina ng'. Mtu anaandika "ng'ombe" kwenye kisanduku cha kutafuta, nawe umeunganisha maneno hivi:

"SELECT * FROM makala WHERE kichwa = '" . $neno . "'"

Alama ya ng' inafunga nukuu katikati ya neno na kwiri inavunjika palepale. Hakuna mdukuzi hapo. Ni msomaji wa kawaida anayetafuta neno la kawaida. Nimeona mfumo ambao "dawa" yake ilikuwa kufuta alama hiyo kabla ya kuhifadhi, kwa hiyo majina ya watu yakahifadhiwa yakiwa yamekatwa. Mtu anafungua ukurasa wake anakuta jina si lake. Iliniuma, kwa sababu kufanya sawasawa kulikuwa rahisi kuliko huko kufuta:

$k = $pdo->prepare('SELECT * FROM makala WHERE kichwa = ?');
$k->execute([$neno]);

Thamani inasafiri peke yake, kwiri peke yake. Ng' inabaki ng'.

Mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, PDO kwa MySQL kwa kawaida huigiza uandaaji, yaani inajaza thamani yenyewe upande wa PHP kisha inatuma maneno yaliyokwisha unganishwa. Ukitaka seva iandae kwelikweli, zima ATTR_EMULATE_PREPARES. Vyovyote vile taja charset=utf8mb4 kwenye anwani ya muunganisho, maana ile utf8 ya zamani ya MySQL inaishia baiti tatu kwa herufi na haiwezi kubeba emoji. Pili, alama ya kuulizia hubeba thamani tu. Haibebi jina la jedwali wala la safuwima. Kama unamruhusu msomaji achague orodha ipangwe kwa safuwima ipi, linganisha alichotuma na orodha ya majina uliyoyaandika mwenyewe, kisha tumia la kwako.

#5 mpenda_orm

Mleta uzi, nakubaliana na ya akiba, ila naona unaionea ORM. Bila Django nisingemaliza hata mradi mmoja. Mimi siandiki SQL na mfumo wangu unatembea.

#6 fundi_jedwali (mleta uzi)

Siionei ndugu yangu, naitumia karibu kila siku. ORM inakuandalia kwiri salama bila wewe kukumbuka, inakutunzia historia ya mabadiliko ya majedwali, na inakuondolea kazi ya kugeuza mistari kuwa vitu vya programu. Hibernate ilipotokea mwaka 2001, kisha Rails 2004 na Django 2005, kazi iliyokuwa ya wiki ikawa ya siku chache. Hilo siwezi kulikana.

Ninachokataa ni hiyo "siandiki SQL". SQL inaandikwa, ila na mwingine, nawe huioni. Chukua ukurasa wa makala 50, kila makala na jina la mwandishi wake. Kwenye Django unaandika Makala.objects.all()[:50], kisha ndani ya kiolezo unaita makala.mwandishi.jina. Inapendeza. Chini yake zimetumwa kwiri 51: moja ya orodha, na moja kwa kila makala ya kumleta mwandishi wake. Kwenye kompyuta yako hifadhidata iko palepale, huhisi kitu. Ikiwa kwenye seva nyingine na kila safari inakula milisekunde 2, hizo 50 za ziada ni milisekunde 100 za kusubiri tu, na muda wote huo ombi moja limeshika muunganisho mmoja wa akiba. Unaona tunavyorudi palepale?

Ongeza select_related('mwandishi') na zile 51 zinakuwa moja yenye JOIN, yaani inayounganisha majedwali mawili. Kama uhusiano ni wa wengi kwa wengi, prefetch_related italeta kwa kwiri mbili. Rails wana includes. Dawa ipo ndani ya ORM yenyewe, lakini hutaitafuta kama hujawahi kusoma logi ya kwiri. Iwashe leo kwenye kompyuta yako, fungua ukurasa wako mmoja unaoupenda, uhesabu.

Kwa wanaotaka kuona zaidi, SQLAlchemy imegawanywa ngazi mbili. Core ni kijenzi cha kwiri, ORM imekaa juu yake. Unaweza kutumia ORM kwa kazi za kila siku ukashuka Core kwenye ripoti nzito, kwa muunganisho uleule na ndani ya muamala uleule (muamala ni kundi la kwiri zinazokamilika au kughairiwa pamoja). Kwangu mimi huo ndio mpangilio ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu haukulazimishi uchague upande.

#7 mlinzi_wa_seva

Suala la hesabu ya #1: mimi niliweka max_connections 500 na nikaongeza akiba kila mahali. Shida iliisha. Kwa nini tubaniane?

#8 fundi_jedwali (mleta uzi)

Mkuu, iliisha au imehamia? Seva yako ina kori (viini vya prosesa) ngapi? Tuseme 8. Kwiri 200 zikiwa hai kwa pamoja, kori 8 haziwezi kuzitumikia zote. Zinapokezana, zinagombea kufuli na diski, na kila moja inachukua muda mrefu zaidi ya ilipokuwa peke yake. Kuna kanuni ya kuanzia iliyotoka kwa watu wa PostgreSQL, na HikariCP wanaieneza: kori mara mbili, ongeza idadi ya diski. Kwa kori 8 na diski moja ni 17. Si sheria, ni pa kuanzia kupima. Na hao 17 ni jumla ya seva zote za tovuti, si kila moja.

Wanaozidi wasubiri kwenye foleni ya akiba, upande wa programu. Foleni ya huko ina kikomo cha muda, HikariCP husubiri sekunde 30 kisha inatoa kosa unaloweza kulishika. Foleni ndani ya hifadhidata inakula kumbukumbu ya mashine ambayo kila mtu anaitegemea.

#9 mlinzi_wa_seva

Nimekuelewa. Kori ni 4, kumbe. Je, PgBouncer inasaidia? Nina huduma tano tofauti, kila moja na akiba yake.

#10 binti_wa_kwiri

Inasaidia sana kwenye hali kama yako, kwa sababu akiba za ndani hazijuani. PgBouncer inakaa katikati, huduma zote zinajiunga nayo, yenyewe inashika miunganisho michache ya kweli kwenda PostgreSQL.

Chagua hali kwa makini. Hali ya kikao inakupa muunganisho mpaka uondoke, kwa hiyo faida ni ndogo. Hali ya muamala inakupa kwa urefu wa muamala mmoja tu, kisha anapewa mwingine. Hapo ndipo watu mia wanaweza kuhudumiwa na miunganisho kumi. Lakini chochote ulichotarajia kibaki kati ya muamala na muamala kinapotea: SET ya kikao, LISTEN, kufuli za ushauri za kikao. Kwiri zilizoandaliwa nazo zilikuwa zinavunjika mpaka toleo la 1.21 la mwaka 2023 lilipoanza kuzibeba. Kama una toleo la zamani, kagua mipangilio ya kiendeshi chako kwanza.

#11 mwanzo_mgumu

Wakuu samahani, mimi ni mgeni. Nina tovuti ya Python yenye Flask na SQLAlchemy, hifadhidata ni PostgreSQL. Tovuti inafanya kazi vizuri asubuhi. Baada ya masaa kadhaa kila ukurasa unasubiri kama nusu dakika kisha linatoka kosa kwamba akiba ya 5 na ziada ya 10 imefika mwisho. Nikiizima na kuiwasha inapona. Wageni wangu si wengi, hawafiki 15 kwa wakati mmoja. Niongeze pool_size?

#12 fundi_jedwali (mleta uzi)

Karibu, na usiombe samahani, umeeleza vizuri kuliko wengi. Usiongeze kitu. Ukiongeza utachelewesha anguko tu. Wageni hawafiki 15 lakini miunganisho 15 imeazimwa, maana yake kuna ambayo hairudi.

Subiri ikwame, na kabla hujaizima ingia psql (programu ya amri ya PostgreSQL) upige hii:

SELECT pid, state, xact_start, query FROM pg_stat_activity WHERE datname = current_database();

Angalia zilizoandikwa idle in transaction. Hizo zimefungua muamala, zimenyamaza, hazijakamilisha wala kughairi. Safuwima ya query itakuonyesha kitu cha mwisho kilichotumwa, na hicho kitakupeleka kwenye mstari wa msimbo wako.

Pia, nenosiri la hifadhidata liwe kwenye vigeu vya mazingira, lisiwe ndani ya msimbo. Na akaunti ya tovuti isiwe ya msimamizi mkuu: akaunti hiyo ndiyo inayoruhusiwa zile nafasi 3 za mwisho, na siku kama hiyo utazihitaji wewe uingie kuokoa.

#13 mwanzo_mgumu

Nimerudi wakuu. Zilikuwa 15 kamili, zote idle in transaction, na zote kitu cha mwisho ni UPDATE ya jedwali la usajili. Nimefuata mpaka kwenye msimbo. Nasasisha usajili, kisha natuma barua pepe ya kuthibitisha, kisha ndipo commit, yaani kukamilisha muamala. Seva ya barua pepe wakati mwingine haijibu, na smtplib (maktaba ya Python ya kutuma barua) sikuiwekea kikomo cha muda, kwa hiyo inasubiri bila mwisho huku imeshika muunganisho.

Nimehamishia barua pepe baada ya commit na nimeweka timeout=10. Siku mbili sasa sijaizima.

#14 mpenda_orm

Hii imenifanya niende kuangalia kwangu. Nina sehemu mbili ninazoita huduma ya nje katikati ya transaction.atomic(), yaani muamala wa Django. Nazitoa leo.

#15 fundi_jedwali (mleta uzi)

@mwanzo_mgumu hongera, umeifikia mwenyewe. Weka na idle_in_transaction_session_timeout upande wa PostgreSQL, ipo tangu toleo la 9.6. Ikizidi muda uliotaja, seva inamkata aliyenyamaza, hata kama msimbo umekosea tena.

Bado kuna tundu moja dogo kwenye ulivyorekebisha. Sasa commit inapita kwanza, kwa hiyo barua ikishindwa, mtu amesajiliwa na hana uthibitisho, na hakuna kumbukumbu kwamba anadaiwa barua. Tengeneza jedwali la barua zinazosubiri. Ndani ya muamala uleule wa UPDATE, ingiza mstari mmoja humo. Vyote viwili vinakamilika pamoja au vinaghairiwa pamoja. Kisha prosesi nyingine ndogo iwe inasoma jedwali hilo kila baada ya sekunde chache, inatuma, na inaweka alama kwamba imetumwa. Ikianguka katikati ya kutuma na kuweka alama, mtu atapata barua mbili, kwa hiyo hakikisha kiungo cha uthibitisho kikibonyezwa mara ya pili hakitoi kosa.

#16 mwanzo_mgumu

Naianza usiku huu. Nitaleta msimbo hapa muukague.